Makala Tuliyoifuta Wenyewe

Siku ya kwanza kazini nilipewa beseni, sabuni na rundo la vioo vya darubini. Nilikuwa na cheti changu cha fundi sanifu wa maabara ndani ya bahasha, nikidhani mtu ataomba kukiona. Mkuu wa Maabara, mzee mmoja kutoka Same mwenye sauti ya chini, hakukigusa. Alinionyesha sinki akasema, "Binti, kioo kichafu husema uongo. Anza hapo."

Nikaosha vioo siku ile, na kesho yake, na wiki nzima iliyofuata. Nyinyi vijana wa sasa mnakitumia kioo mara moja mnakitupa. Sisi tulivisugua, tukavisuuza kwa spiriti, tukavikausha kwa kitambaa cha pamba, halafu Mkuu anainua kimoja kimoja dirishani atazame kama kuna hata unyuzi. Akiuona, anakurudishia trei nzima.

Maabara ilikuwa nyuma ya wodi ya watoto, katika hospitali moja upande wa Temeke. Chumba kirefu, madirisha ya wavu, friza mbili zinazonguruma mchana kutwa. Nyumbani kwangu kulikuwa Tabata, nikiishi na mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi. Sote wawili tulikuwa watu wa kuja. Wazazi wangu walitoka Songea, wake Kasulu, na Dar es Salaam ilitupokea kwa sababu tu ilikuwa na kazi.

Baada ya muda nikapewa damu ya watoto wenye sikoseli. Kwenye vitabu vyetu huitwa selimundu. Chembe nyekundu ya damu kwa kawaida ni ya mviringo, imebonyea kidogo katikati. Kwa watoto hawa hujikunja ikawa na umbo la mundu wa kukatia majani, na zikijikunja nyingi zinakwama kwenye mishipa myembamba. Hapo ndipo mtoto anapolia mifupa. Ugonjwa huu humpata anayerithi jeni yenye hitilafu kwa baba na kwa mama pia. Aliyerithi upande mmoja tu anaishi bila kuumwa, na wengi tunaibeba bila habari. Ndiyo maana wazazi wengi wakiambiwa walikataa. "Kwetu hakuna ugonjwa huo," walisema, na walisema kweli kadiri walivyojua.

Mwaka wangu wa nne akaja Dokta Sakina. Alikuwa binti wa familia ya Kihindi, Mashia, wauza vitambaa, lakini alikulia Kinondoni na Kiswahili chake kilikuwa cha mjini kuliko changu. Alikuwa amerudi kutoka masomoni nje, alikosomea vinasaba, yaani yale maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya kila chembe. Alivaa ushungi mweupe na raba za kukimbilia. Alimwamkia Mkuu wa Maabara shikamoo, akaja moja kwa moja mezani pangu.

"Dada Apolonia, nimeambiwa vioo vyako ndivyo visafi kuliko vyote humu. Naomba nifanye kazi na wewe."

Hakuna daktari aliyewahi kuniita dada. Nikamjibu, "Sawa, Dokta," na nikaendelea kumwita hivyo hadi mwisho.

Alikuwa na swali moja, na alilibeba miaka yote niliyomjua. Kwa nini ndugu wawili wa tumbo moja, wote wana sikoseli, mmoja analazwa kila mara na mwingine anacheza mpira? Kila mtoto akiwa tumboni ana himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba hewa kwenye damu, ya aina yake, tofauti na ya wakubwa. Tuliiita himoglobini ya kichanga. Akishazaliwa, hiyo hupungua, nyingine inachukua nafasi. Lakini kuna watoto ambao ya kichanga inakawia kuondoka, na inapokuwapo kwa wingi inazuia chembe zisijikunje. Hilo lilikwisha kujulikana. Dokta alitaka kujua ni alama gani katika jeni za watoto wetu inayoifanya ikawie, ili tumtambue mapema mtoto atakayeumwa sana.

Jumatano ilikuwa siku ya kliniki. Akina mama walitoka Mbagala, Yombo, Vingunguti, Buguruni, watoto wamefungwa masweta hata kwenye jua kwa sababu baridi huwaamshia maumivu. Nilitoa damu kidogo kwenye mkono, nikaandika namba kwenye mrija, nikadondosha matone kwenye karatasi nene ya kunyonya na kuyahifadhi. Mrija ulikwenda kwenye mashine iliyotenganisha aina za himoglobini na kutoa kiasi cha kila moja. Matone ya akiba yalikaa kwenye friza. Dokta alisema, "Karatasi hizi ndizo mashahidi wetu." Nilidhani ni maneno ya wasomi tu.

Makala aliiandika kwa penseli kwanza. Mchana, wenzetu wakienda kula, alinisomea aya moja kwa Kiingereza kisha akaniambia nimweleze kwa Kiswahili. Nikikwama, hakunirekebisha. Alifuta aya yake. "Kama hatuwezi kulisema kwa Kiswahili, hatujalielewa," alisema. Miaka mingi imepita na bado najikuta mchana nikisubiri mtu anisomee aya.

Makala ile ilikubaliwa na jarida la nje. Kabla jarida halijachapa, hupeleka makala kwa wahakiki, wataalamu wasiojulikana majina, wao waitafutie makosa. Hawakuyaona. Ilipotoka, Dokta alileta kashata na chupa ya chai, tukakaa kwenye viti virefu vya maabara, na Mkuu akala kashata tatu. Jina langu lilikuwa mwisho kabisa, kwenye shukrani, kwa herufi ndogo. Mume wangu aliutia ukurasa ule kwenye fremu akautundika sebuleni.

Tangu hapo zikaja barua pepe. Watafiti wa nchi nyingine walianza kuinukuu, ndiyo kusema kwenye makala zao walijenga juu ya ile yetu, kama fundi anavyosimamisha ukuta juu ya msingi wa mwenzake. Hivyo ndivyo msomi hupimwa: si kwa aliyoyaandika tu, bali na kwa watu wanaomwegemea. Dokta alialikwa kuzungumza huku na huko. Na hapa kwetu Profesa, Mkuu wa Idara, akaagiza kliniki ifuate matokeo yale. Watoto waliokutwa na alama njema na himoglobini nyingi ya kichanga wakaambiwa waje kila baada ya miezi mitatu badala ya kila mwezi. Foleni ikapungua. Kila mtu alifurahi.

Mmoja wa watoto hao alikuwa Shani. Mama yake aliuza supu ya makongoro Vingunguti, karibu na machinjio, na alikuwa mwanamke wa maneno machache. Shani alikuwa mdogo kuliko watoto wote wa utafiti wetu. Alikuwa na tabia ya kunishika kidole wakati natafuta mshipa, kana kwamba mimi ndiye niliyehitaji kutulizwa.

Jumatano moja, isiyokuwa zamu yao, Mama Shani alikuja amembeba. Macho ya mtoto yalikuwa ya njano, mikono imevimba. Dokta alimlaza hapo hapo wodini. Jioni ilipokaribia mama yake akaja kwenye dirisha la maabara.

"Dada Apolonia, nikuulize kitu. Usinikasirikie."

"Uliza, mama."

"Karatasi yenu inasema mwanangu ana nafuu. Tuje baada ya miezi mitatu. Sasa mie ndo naishi naye, na hiyo nafuu siioni. Analia kila wiki. Jirani yangu mtoto wake mmesema ana hali mbaya, na yule anakimbia anaruka. Si labda mmechanganya?"

Nilimjibu kwamba hatuchanganyi. Nilimjibu kwa ukali, nakiri. Lakini alipoondoka nikabaki nimesimama pale pale, maana neno lake lilikuwa limegusa kitu.

Nilikumbuka siku umeme ulipokatika mchana katikati ya upimaji. Joto lilikuwa kali na dawa za kupimia zilikuwa zinaharibika haraka. Niliitoa trei mashinini, nikaifunika, nikasubiri jenereta. Umeme uliporudi niliirudisha trei kwa haraka. Trei zile zilikuwa za mstatili, pande zote mbili sawa. Ukiigeuza, mrija wa kwanza unasomwa kama wa mwisho, na wa mwisho kama wa kwanza, na mashine haijui.

Kesho yake asubuhi nilitoa karatasi za akiba kwenye friza. Nilipima tone la Shani. Nikapima la mtoto wa jirani yake. Kisha nikapima trei yote, na ilipofika saa nane mchana nilikuwa na majibu mbele yangu, yamepinduka yote, kutoka juu hadi chini. Watoto wote wa trei ile walikuwa wamepewa damu ya mwenzao.

Nilikwenda kwenye chumba cha Dokta na daftari mkononi. Nilikuwa nimepanga maneno, yakanipotea. Nikasema tu, "Dokta, ni mimi. Niligeuza trei."

Akasoma daftari. Alisoma mara mbili, kidole kikishuka taratibu kwenye safu ya namba. Nilisubiri anifukuze. Makala ile ndiyo iliyokuwa imemjengea jina, na safari yake ya kwenda kuisoma mbele ya wakubwa wa fani yetu ilikuwa imebakiza majuma machache.

"Umekula?" akauliza.

"Sijala."

"Nenda ukale. Halafu tuanze na mrija wa kwanza kabisa. Watoto wote, si trei hii peke yake."

Tulirudia kazi yote, na kabla hatujamaliza aliwaita akina mama wa trei ile, mmoja mmoja, akawaeleza mwenyewe. Hakusema "mashine." Alisema, "Tulikosea." Shani alirudishwa kwenye orodha ya kila mwezi siku ile ile. Mama yake alisikiliza, akanitazama mimi, kisha akasema, "Basi. Ila mngeniuliza tangu mwanzo."

Matokeo yaliyosahihishwa yalionyesha kwamba ile alama ya jeni inasaidia, lakini kidogo, si kwa nguvu tuliyokuwa tumedai. Dokta alikwenda kwa Profesa na mimi nikamfuata, kwa kuwa nilitaka lawama ikae mahali pake.

Profesa alikuwa mtu mwungwana, aliyevaa tai hata Jumamosi. Alitusikiliza akafuta miwani.

"Sakina, trei moja. Rekebisheni kliniki kimya kimya, tusonge mbele. Ukiandikia jarida, wafadhili watatuonaje?"

"Kuna watu huko nje wanapanga matibabu ya watoto wao kwa makala yetu, Profesa."

"Utaliharibu jina lako."

"Mama muuza supu ameliona kosa bila darubini," Dokta akasema. "Sisi tuna darubini. Tukinyamaza, tutasema tuliona nini?"

Profesa akairudisha miwani usoni. Kisha akasema kwamba hatamzuia, ila hataweza kumlinda. Alikuwa mkweli katika yote mawili.

Dokta aliliandikia jarida akaomba makala ifutwe. Kufuta makala hakumaanishi inatoweka. Inabaki pale pale, ila imegongwa muhuri kwamba isitegemewe, na chini yake panaandikwa sababu. Mwaliko wa safari ukaondolewa kwa barua ya heshima. Fedha za utafiti zikasimamishwa. Watu waliokuwa wakimpigia simu kila wiki wakaanza kuwa na shughuli. Yeye akapelekwa chuoni kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, mimi nikahamishiwa zahanati moja Tabata, kutazama malaria na kupima mkojo. Nilikuwa naweza kwenda kazini kwa miguu, na sikuwahi kuichukia njia fupi kama ile.

Kila mwezi alinipigia simu. Hatukuzungumza makala. Aliuliza habari za mume wangu, nikauliza habari za mama yake mzee. Mara moja tu alisema, "Dada, unafikiri nilikosea kuondoa ile makala?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Mimi pia nafikiri hivyo. Ila leo nimeikumbuka." Kisha akaniaga.

Baada ya miaka miwili na ushee Profesa akastaafu. Mkuu wa Idara mpya, mama mmoja aliyekuwa mwanafunzi wa Dokta zamani, akamrudisha kwenye kitengo cha sikoseli pale hospitalini. Siku ya pili Dokta akaja Tabata mwenyewe, na raba zake, akasimama mlangoni mwa zahanati mpaka nikamaliza foleni. "Fungasha," akasema.

Tukaanza upya na watoto wale wale, waliokuwa wamekua, na wengine wengi. Safari hii kila mrija ulisomwa namba na watu wawili, mmoja anatamka, mwingine anaandika. Trei zote nilizikata pembe moja kwa msumeno wa chuma, zisiweze kuingia kinyume. Na kliniki ikaongezewa kitu ambacho hakikuwapo: daftari la mama. Kila mzazi aliulizwa mwezi ule mtoto amelia siku ngapi, na jibu lake likaingia kwenye utafiti kama kipimo cha damu kinavyoingia. Wasomi wengine walimcheka. Dokta akasema mtu anayelala na mtoto kitanda kimoja ni chombo cha kupimia, tena hakikatiki umeme.

Makala ya pili ilichukua miaka. Haikudai mengi kama ya kwanza, lakini ilisimama. Aliponiletea nakala nilitafuta jina langu mwishoni kama zamani, sikulikuta. Nikadhani safari hii nimesahauliwa.

"Huko siko," akasema. "Tazama juu."

Nilikuwa wa pili, baada yake. Nilimwambia haifai, mimi ndiye niliyegeuza trei. Akasema, "Na ndiye uliyeigeuza tena ikakaa sawa." Tulikula kashata tena, ila yule Mkuu wetu wa Maabara wa zamani alikuwa amekwisha kufariki, zikabaki tatu kwenye sahani na hakuna aliyezigusa.

Makala nyingine zikafuata. Maabara za mikoani zikatuma watu kujifunza daftari la mama. Zilipokuja dawa zinazoamsha ile himoglobini ya kichanga, watoto wetu walizimeza, na nikaona wasichana niliowatoa damu wakiwa wamebebwa mgongoni wakija wenyewe wakiwa na mikoba. Shani alifungua saluni ndogo Buguruni, anasuka. Alipokuja kliniki alinitazama kichwa akisema, "Aunt, nywele hizo nani alikufanyia hivyo?"

Dokta aliugua mwaka wa mwisho wa kazi yangu. Haikuwa damu, ilikuwa ini. Alikwenda kutibiwa nje akarudi amekonda, akaja kitengoni na fimbo, akakaa kwenye kiti kirefu akinitazama nikifanya kazi. Hakusoma wala hakuandika. Nilimuuliza kama anataka kitu. "Hapana, dada. Nasikiliza friza," akasema. Alipofariki, jamaa zake walimzika kwa taratibu zao. Nilisimama upande wa wanawake, Mkristo peke yangu, na dada yake akanishika mkono akaniweka mbele.

Miezi miwili baadaye na mimi nikastaafu. Tulikuwa tumejenga Kibamba, huku pembeni, na nina migomba kidogo na kuku. Watu wanasema nimepumzika. Jumatano ndiyo ngumu. Naamka na mapema, nachemsha maji, halafu nakumbuka kwamba hakuna anayenisubiri. Mpwa wangu anasoma chuo kikuu, alinionyesha kwenye simu orodha ya makala za Dokta na idadi ya waliozinukuu. Ile iliyofutwa bado imo, na muhuri wake mwekundu. Mpwa wangu akaona haya kwa niaba yangu akataka kuipita haraka. Nikamwambia asimame hapo. Nilimwambia katika kazi zote za yule mwanamke, hiyo ndiyo iliyomgharimu zaidi kuitendea haki, na ndiyo isiyohesabiwa na mtu.

Shani alifariki mwaka jana, msimu wa mvua kubwa, kifua kilimbana siku mbili tu. Nilikwenda msibani Vingunguti.

Mwezi uliopita Mama Shani akaja Kibamba. Nilimwona getini ameshika mfuko wa machungwa. Alikaa sebuleni, akanywa chai, tukazungumza habari za mvua na bei ya mkaa. Kisha akasema, "Dada, mlikuwaga mnasema damu ya Shani imo vitabuni. Ni kweli au mlikuwa mnatufariji?"

"Ni kweli."

"Basi nisomee."

Nilichukua makala ya pili kabatini. Nikamsomea yote, aya kwa aya, naisema kwa Kiswahili kama nilivyofundishwa. Ilichukua mchana wote. Hakuniacha niruke kitu. Nilipofika kwenye mchoro akainama.

"Hivi vidoti ni nini?"

"Kila kidoti ni mtoto mmoja. Huku chini ni umri aliokuwa nao siku tulipompima mara ya kwanza. Kadiri kinavyopanda juu, ndivyo ile himoglobini njema ilivyokuwa nyingi."

"Majina hayapo."

"Majina hatuyaandiki, mama. Ni sheria."

Akavitazama kwa muda. Vilikuwa vingi, vimebanana katikati kama mtama uliomwagika. "Sasa wangu nitamjuaje?"

Kwa wengine nisingeweza kumwambia. Lakini siku ile ya kwanza Shani alikuwa mdogo kuliko wote, hata kuliko waliokuja baadaye, na mdogo kuliko wote hukaa peke yake, mwanzo kabisa wa mchoro, upande wa kushoto, chini, mbali na wenzake. Nikamwonyesha.

Mama Shani akafuta kidole chake kwenye khanga, akakiweka juu ya kidoti kile, taratibu, na hakukiondoa. Nilimwuliza kama niendelee kusoma.

"Subiri kwanza," akasema.